Bolti za Kidato cha Tano

Mnara ulikuwa ukizunguka taratibu, taa zake zote mia nne zikiwaka, wakati simu ya Mama Nati ilipolia mfukoni. Ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi, na kesho yake alasiri kipindi kingerushwa moja kwa moja. Alikuwa amesimama chini akiukagua mnara, kama shangazi anavyomkagua bibi harusi kabla hajatolewa nje, akitafuta uzi uliochomoza.

"Mama," binti yake alisema kwenye simu, "mtoto akipiga chafya tatu mfululizo ni mafua?"

"Ni pua tu, mwanangu. Ana siku kumi na mbili duniani, bado anajifunza kuitumia. Mfunike, na uache kumpeleka dirishani."

Akacheka, akakata simu. Mkono haujafika mfukoni, kicheko kikamkauka.

Mlio ule ulikuwa umemrudisha nyuma siku kumi na mbili. Alikuwa juu ya ngazi, spana mkononi, mbele ya kidato cha tano, na simu ikalia vilevile. Siku ile alikuwa mkwewe: "Mama, uchungu umemshika, tuko njiani kwenda hospitali." Alikumbuka alivyoshuka ngazi mbilimbili kama msichana. Alikumbuka kwamba alisahau kuvua aproni, akafika wodini na vumbi la mbao kichwani. Alikumbuka hata rangi ya kiti alichokalia. Jambo moja tu hakulikumbuka. Bolti nne za juu za kidato cha tano, alizikaza au hakuzikaza?

Yeye alikuwa fundi mkuu wa majukwaa katika kituo kile cha televisheni, na kazi hiyo aliianza miaka ishirini na miwili nyuma, kwa kufagia maranda. Jina la Mama Nati alipewa kwa sababu mifuko ya aproni yake haikukosa nati, na alipokuwa akija ulimsikia kabla hujamwona. Mafundi wapya aliwapa somo moja la kwanza, na alilitoa akiwa ameshika kikombe cha chai. "Jukwaa la televisheni ni uongo mtupu," aliwaambia. "Marumaru ni plaiwudi. Dhahabu ni rangi ya kopo. Nyota ni balbu. Lakini anachokikanyaga mtu, hicho hakitakiwi kudanganya. Hicho kiwe kweli."

Na mnara huu ulikuwa uongo mkubwa kuliko wote aliowahi kuujenga. Kipindi kiliitwa Panda Utwae. Mshiriki alijibu swali, kidato kikawaka, naye akakipanda, huku mnara mzima ukizunguka naye polepole ili kamera zimwone kila upande. Vidato vilikuwa saba, na juu kabisa palikuwa na mlango wa dhahabu. Mbunifu, kijana mwembamba aliyevaa miwani mikubwa, alitaka vidato vionekane kama vinaelea hewani. Chini yake pasionekane nguzo, pasionekane waya. Kwa hiyo kila kidato kilichomoza kutoka mnarani kama ulimi, na kilichokishika ni bamba la chuma lenye bolti nane. Nne za chini ziliegemea, nne za juu ndizo zilizobeba. Bolti zilipokwisha kukazwa, mnara ukavikwa vioo kuanzia chini hadi juu, vipande vilivyokatwa kimoja kimoja na kubandikwa kwa gundi isiyobanduka. Sasa ukiutazama, huoni chuma hata cha dawa.

Mafundi walikuwa wamekitania sana kidato kile. "Mimi shule niliishia darasa la saba," mmoja alisema siku walipokipandisha, "lakini leo nimefika kidato cha tano!" Wakacheka wote, na yeye akiwemo. Sasa maneno hayo yalimrudia, na hayakuwa na kichekesho hata kidogo.

Alimtafuta Rula. Rula alikuwa fundi wa pili, mrefu, mnyoofu, mtu wa maneno machache, aliyefanya kazi naye miaka tisa. Alimkuta nyuma ya pazia jeusi akizungusha waya kwenye kiwiko.

"Rula, siku ile nilipokimbilia hospitali, nani alimalizia kidato cha tano?"

Rula alifikiri. "Si wewe? Mimi nilikuwa na cha kwanza mpaka cha tatu. Wewe ulikuwa na cha nne mpaka cha saba."

"Najua. Lakini nilipoondoka, ulikwenda kukitazama?"

"Nilikwenda kukitazama kwa nini? Kesho yake ulirudi, ukapanda, ukashuka, ukasema, 'Cha tano tayari, cha sita tayari.' Vijana wa vioo wakaanza kubandika."

Kweli. Alirudi. Alikuwa hajalala usiku mzima, ana furaha ya kulewa, amemwona mjukuu wake wa kwanza, ngumi zake ndogo kama njugu. Alipanda ngazi. Mikono yake ilishika spana. Lakini je, ilikuwa mbele ya kidato cha tano au cha sita? Kila alipojaribu kuiona picha ile, aliona ngumi za mtoto tu.

"Kuna nini?" Rula akauliza.

"Hakuna."

Rula hakuwa mtu wa kudanganywa na "hakuna". Aliuweka waya chini, akamtazama kidogo, kisha akaenda mnarani. Akapanda hadi kidato cha tano na kuruka juu yake mara tatu, kwa miguu yote miwili. Puu! Puu! Puu! Vioo vikametameta. Kidato hakikutikisika.

"Chuma hicho," akasema akishuka. "Nenda ukanywe chai."

Lakini Mama Nati alijua anachokijua. Nati ambayo haijakazwa haianguki leo. Hushika. Hushika leo, hushika kesho, na mota inazunguka, na chuma kinatetemeka kidogo kidogo, nayo inalegea upana wa unywele, na upana mwingine wa unywele. Inayokuja kudondoka ni ile ambayo wote wameshaiamini.

Mchana kutwa alikuwa na roho juu. Alikwenda ofisini kuitazama fomu ya usalama. Pale palikuwa na mstari wa kila kidato, na kwenye mstari wa tano palikuwa na alama nane za vema, zimepangwa vizuri, kwa kalamu yake mwenyewe, na chini kabisa sahihi yake yenye mkia mrefu. Fomu ilisema amekaza. Aliitazama alama ya tano, ya sita, ya saba, ya nane, akijaribu kuona kama mkono ulisita. Haukusita. Mkono wa mtu aliyepata mjukuu hausiti.

Jioni nyumbani, mumewe, fundi cherehani mwenye mdomo mwepesi, alikuwa ameshapanga viti sebuleni kama ukumbi wa mikutano. Kesho majirani wangekuja kutazama kipindi.

"Nimewaambia wote," alisema, "mnara ule kaujenga mke wangu. Mzee wa nyumba ya pili hataki kuamini. Anasema kazi ile ni ya wazungu. Nikamwambia, subiri uone jina lake mwishoni."

Mama Nati aliuzungusha wali kwenye sahani.

"Mbona huli?"

Akamweleza. Mumewe aliacha kutafuna, akasikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo kwake halikuwa dogo.

"Wasiwasi ndiyo akili," alisema hatimaye. "Lakini ukizidi nao ni maradhi. Miaka ishirini na miwili umewahi kuacha bolti?"

"Sijawahi."

"Basi."

"Sijawahi kupata mjukuu pia."

Mumewe alisogeza kiti kimoja, akakirudisha palepale. "Ukiwaambia, watakufanya nini?"

"Watasema nilitia sahihi kitu ambacho sikukihakiki. Na watakuwa wamesema kweli."

"Na usipowaambia?"

"Pengine haitatokea kitu. Pengine nilizikaza." Akaisukuma sahani. "Wanasema majuto ni mjukuu. Baba watoto, mimi mjukuu mmoja ananitosha."

Jumamosi saa mbili unusu asubuhi alikuwa mlangoni kwa mtayarishaji wa kipindi. Mwanamke huyu, kila mtu kazini alimwita Kengele, kwa sababu alipopandisha sauti, hata waliokuwa chooni walisikia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa saa. Ukutani kwake palikuwa na saa mbili, zote zimetangulizwa dakika tano. Mbunifu naye alikuwemo, ameketi pembeni akipekua michoro.

"Mama Nati! Karibu, mama. Niambie kitu kizuri."

"Nataka tufungue kidato cha tano."

Kengele alitabasamu, akidhani ni utani. Alipoona si utani, tabasamu likabaki usoni kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

"Tufungue nini?"

Akaeleza tena: ngazi, simu, hospitali, bolti nne. Alipomaliza, mbunifu akasimama.

"Kufungua maana yake ni kuvunja," alisema. "Vile vioo havibanduki, mama. Vimekatwa kwa vipimo, hakuna vingine. Kuvikata tu ni wiki tano za kazi!"

"Najua, mwanangu. Nilikuwepo."

"Rula alikipanda jana," Kengele alisema. "Nilimwona kwa macho yangu, anaruka kama chura. Kilishika au hakikushika?"

"Kilishika."

"Kwa hiyo?"

"Rula ni mtu mmoja, na aliruka mara tatu. Mnara haujafanya kazi kutwa. Leo washiriki ni sita, na kila mmoja—"

"Niambie kwa asilimia. Una uhakika kiasi gani kwamba hazikukazwa?"

"Sina uhakika wowote. Hilo ndilo tatizo lenyewe."

Kengele aliinuka, akafunga mlango, na kwa mara ya kwanza Mama Nati akamsikia akisema kwa sauti ya chini. Ilimtia hofu kuliko ile ya juu.

"Mama, nisikilize. Tumetangaza mwezi mzima. Watu mia tatu wana tiketi. Mkurugenzi anakuja na familia yake. Wewe unaniambia nivunje jukwaa siku ya kipindi kwa sababu simu ililia? Umechoka. Sote tumechoka. Funika kombe mwanaharamu apite. Jumatatu nitakupa kutwa nzima, uvunje utakacho."

Mama Nati aligeukia mlango. Ilikuwa rahisi sana kusema haya, sawa, Jumatatu. Hakuna ambaye angemlaumu. Alikuwa ametoa taarifa, mkubwa amekataa, mzigo umehama bega. Alifika hata kushika kitasa cha mlango.

Kisha akauliza, "Ile fomu iko wapi?"

"Ipi?"

"Ya usalama. Nataka kuiona tu."

Kengele alivuta droo, akampa. Mama Nati akaiweka juu ya meza, akachukua kalamu sikioni kwake, akapiga mstari juu ya sahihi yake. Akapiga wa pili kuhakikisha. Pembeni akaandika tarehe na saa.

"Nimeiondoa," alisema. "Sijui kilichomo ndani, kwa hiyo siwezi kusema najua."

Mbunifu alishusha pumzi kwa sauti. Bila sahihi ya fundi mkuu, hakuna mtu aliyeruhusiwa kupanda mnara, hata wa kufuta vumbi, na watu wote watatu mle chumbani walilijua hilo. Kengele aliitazama karatasi ile, uso umemshuka.

"Unajua ulichokifanya?"

"Najua."

"Una mpaka saa nane," Kengele alisema, na sasa sauti ilikuwa imerudi mahali pake, na ukumbi mzima ukaisikia. "Saa nane kamili! Na usipokuta kitu, mama, usinijie na samahani!"

Walikuwa wanne kwenye jukwaa: Mama Nati, Rula, mbunifu, na fundi umeme wa taa, dada mmoja mkimya aliyekwenda kuzima mota na kuweka ufunguo wake mfukoni. Rula alifunika sakafu kwa turubai. Mama Nati akapanda ngazi na patasi na nyundo. Alikiweka kiganja juu ya kioo, akajiona mwenyewe mle, kitambaa kimekaa upande, macho mekundu.

"Nisamehe," alimwambia mbunifu, bila kugeuka.

"Piga tu," mbunifu akasema. "Usinifanye nisubiri."

Kioo cha kwanza kilitoka vipande vitatu. Cha pili kilimeguka kama barafu na kumwagika kwenye turubai. Mbunifu alikuwa akivipokea vilivyo vikubwa na kuvilaza chini kimoja kimoja, kwa heshima, kama anavua nguo za mgonjwa. Nyuma ya vioo palikuwa na plaiwudi, na nyuma ya plaiwudi giza. Rula alipitisha msumeno mdogo, akautoa ubao, akampa Mama Nati tochi.

Alimulika. Bolti nne za chini zilikuwa imara, vichwa vinang'aa. Akapandisha mwanga.

Ya kwanza ya juu aliigusa kwa spana, kisha akaiondoa spana, akaigusa kwa vidole. Ikazunguka. Ya pili ikazunguka, laini, kama kifuniko cha chupa. Ya tatu ilikuwa imebakiza mizunguko miwili itoke. Ya nne haikuwa na nati kabisa. Alimulika chini, ndani ya tumbo la mnara, akaiona nati yenyewe imelala kwenye sakafu, ndogo, safi, haina kosa lolote.

Alishika ngazi kwa mikono miwili maana ukumbi ulikuwa unazunguka, na mota ilikuwa imezimwa.

"Mama Nati?" Rula aliita kutoka chini. "Vipi?"

"Panda uone."

Rula akapanda upande wa pili. Alitazama. Alitia kidole, akaizungusha ile ya tatu, akakirudisha kidole haraka kana kwamba kimeungua. Mtu huyu jana yake alikuwa ameruka hapo mara tatu.

"Looo," alisema. Baada ya kitambo akasema tena, "Looo."

Kengele alikuwa amefika chini ya ngazi, mikono kifuani. Mama Nati alishuka mpaka akawa amesimama mbele yake.

"Sikuzikaza," alisema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Hakuna mwingine. Ni mimi. Niliondoka kabla sijamaliza, nikarudi nikasema tayari, nikatia sahihi."

Alingoja kengele ilie. Haikulia. Mtayarishaji alikuwa akikitazama kidato kile, urefu wa watu wawili kutoka sakafuni.

"Kaza," alisema tu.

Akazikaza mwenyewe, Rula amesimama karibu anahesabu kwa sauti, kila moja mpaka spana ikatae. Na alipoikaza ya mwisho, hofu mpya ikamwingia, mbaya kuliko ile ya kwanza. Kama hii ilimtoka, je, nyingine? Cha nne, cha sita na cha saba navyo vilipita mikononi mwake. Alikumbuka kuvikaza. Alikumbuka vizuri kabisa. Lakini jana asubuhi, kabla simu haijalia, si angeapa vilevile kwamba alikikaza cha tano?

"Tufungue na vingine vyangu," alisema. "Vitatu."

"Saa tano na nusu!" Kengele alisema. "Mama, saa tano na nusu sasa!"

"Tutawahi."

"Na jukwaa? Litaonekana kama nyumba iliyoungua!"

Ndipo mbunifu, ambaye alikuwa amekaa juu ya sanduku akifunga kidole kilichokatwa, akainua kichwa. Alikuwa akilitazama tundu la kidato cha tano, na chuma kilichokuwa kikionekana ndani.

"Tusizibe," alisema polepole. "Tukizibua vinne, tuviache wazi. Tukate kingo vizuri. Dada, unaweza kunitilia taa nyekundu mle ndani?"

Fundi umeme alifikiri. "Naweza. Nyekundu, na nyaya zisionekane."

"Chini vioo, juu mifupa. Anayepanda anaingia kwenye moto." Alivaa miwani yake. "Sio nilichokichora. Lakini si kibaya."

Wakaingia kazini. Hakuna aliyekula. Kioo kilivunjika, ubao ukatoka, tochi ikawaka. Na kila safari Mama Nati alipomulika, alikuwa kama mtu anayesubiri majibu ya daktari. Cha nne, zote nane zimekaza. Cha sita, zote nane. Cha saba, nane. Aliposhuka kutoka cha saba, aliketi chini kwenye turubai katikati ya vigae vya vioo, na Rula akamletea maji bila kuulizwa. Saa ilikuwa nane na robo. Kwa saa za Kengele, na dakika ishirini.

Fomu mpya ilikuja. Mama Nati alitia sahihi, kisha akampa Rula kalamu. "Na wewe. Umeona kwa macho yako." Rula akatia.

Saa kumi alasiri, muziki ukapigwa, watu mia tatu wakashangilia, na mnara ukaanza kuzunguka. Ule wekundu ndani ya chuma ulipowaka, ukumbi mzima ulisema "Aaah!" kwa pamoja. Mama Nati hakuusikia. Alikuwa amesimama nyuma ya pazia jeusi, upande wa kushoto, mahali anapokiona kidato cha tano kila kinapopita.

Mshiriki wa kwanza aliishia cha tatu. Wa pili, cha pili. Wa tatu alikuwa mpishi wa shule, mama mnene, mcheshi, aliyejibu maswali huku akipangusa jasho kwa kanga. Alipanda cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kwenye cha nne alifumba macho kabla ya kujibu, na akajibu sawa. Kanuni za mchezo zilisema anayefika cha tano gari ni lake, hata akishindwa mbele. Swali likaulizwa. Akalijibu papo hapo, kama mtu anayetaja jina la mwanawe.

Kidato cha tano kikawaka. Mama yule akakipanda, akasimama, akaelewa kilichotokea, akaanza kuruka.

Mama Nati alimhesabia. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Kisha jambo ambalo hakuna aliyelipanga likatokea. Kutoka safu ya mbele, dada zake wawili na kaka mmoja mwenye kifua cha baharia waliruka kamba, wakampita msimamizi wa ukumbi kana kwamba ni pazia, wakapanda mnara mbio wakipiga kelele. Wakamkumbatia pale pale juu. Watu wanne kwenye ulimi mmoja wa chuma, wamefungamana, wanaruka pamoja, na mnara unazunguka nao.

Msimamizi alikimbia. Kengele, kwenye chumba cha kuongozea, alisikika kupitia vioo viwili. Mama Nati hakuweza kukimbia. Aliliona bamba kupitia lile tundu, jekundu, bolti nane zimepangwa, na akazikodolea macho kama anaweza kuzishikilia kwa kuzitazama. Kidato kikapita, kikaenda nyuma ya mnara, hakuonekana mtu. Alikuwa anasikia kelele tu. Alisubiri mlio mwingine, mlio ambao alikuwa ameusikia kichwani tangu jana. Mnara ukazunguka. Wakatokea upande wa pili, wote wanne, wamelia mpaka vipodozi vimechuruzika, na kidato kimenyooka kama meza.

Ndipo na yeye akalia, kimya kimya, ameng'ata ukingo wa aproni. Rula alikuwa ubavuni pake. Hakumtazama. Alikuwa ameweka mkono mmoja ukutani na kuinamisha kichwa, na alisema neno moja, "Wanne."

Jumatatu aliitwa ofisini. Mkurugenzi alikuwapo, na mtu wa sheria, na Kengele. Mkurugenzi alisifu ule moto ndani ya mnara. Watu wamepiga simu kutwa nzima ya Jumapili. Kisha akasoma karatasi. Kuanzia siku ile kila sahihi ya usalama itakuwa ya watu wawili. Anayefanya kazi juu ya ngazi haendi na simu. Na fundi mkuu anaondolewa cheo, kwa kutia sahihi jambo asilolihakiki, anabaki fundi. Rula anashika nafasi yake.

"Una la kusema?" mkurugenzi akauliza.

"Sina, mzee. Ni haki."

Kengele alimfuata nje, mpaka kwenye korido.

"Niliwaambia kwamba ni wewe uliyesimamisha," alisema. "Niliwaambia mimi nilikukatalia. Sikuficha."

"Ahsante."

"Ungenyamaza hakuna ambaye angekushusha cheo." Alisita. "Nimeitazama ile picha mara kumi. Wale watu wanne. Usiku wa Jumamosi sikulala."

"Mimi nililala," Mama Nati akasema. "Kama gogo. Baba watoto anasema nilikoroma."

Kengele akacheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila kutaka, akageuka na kwenda zake akiangalia saa.

Mama Nati aliteremka karakanani. Rula alikuwa amesimama mlangoni na karatasi ya kazi za wiki, hajui pa kuweka mikono. Alikuwa amejaza majina ya wote isipokuwa la Mama Nati.

"Sijui nikupangie nini," alisema. "Naona haya."

"Haya ya nini? Wewe ndiye mkuu sasa. Nipangie."

Rula alijikuna shingo. Mwishowe akaonyesha kwa kalamu ule mzigo wa mabamba mapya yaliyoletwa asubuhi, ya kuvipa vidato vyote saba mhimili wa pili.

"Basi anza na hayo, mama. Mimi nitakuja nyuma yako kuhakiki."

"Uje kweli," alisema Mama Nati, akafunga kamba za aproni. "Usiniamini."